Neno Lililonipandisha Mtae

Mtae, Lushoto
Jumatano asubuhi

Dada yangu mpenzi Evelina,

Hapana, sikukukatia simu kwa hasira. Mtandao ulipotea wenyewe, pale pale nilipokuwa nakuambia kwamba nimeamua kupanda Mtae peke yangu kwa mama mkwe, nawe ukawa unasema subiri kwanza Loveness, usiende na hasira zako, halafu kimya. Basi sikusubiri. Nimekwenda, nimefika, na ninakuandikia nikiwa huku huku Mtae. Tangu nifike nimeshtuka, nikashtuka tena juu ya kushtuka, mpaka sijui nianze na lipi. Nimetafuta kalamu kwa sababu haya hayafai kwenye simu. Utaona mwenyewe kwa nini.

Lakini shikamoo kwanza, nisije nikaonekana ndoa imeninyang'anya adabu. Hujambo? Shemeji hajambo, na Edgar wetu anaendeleaje na masomo? Mgongo wa mama bado unamsumbua asubuhi, au ile dawa ya kuchua niliyomletea imemsaidia? Mpe shikamoo yangu, umwambie mwanawe amenenepa. Sisi huku ni wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Ukungu unaingia mpaka chumbani, ukitoka nje kuanika nguo unarudi na nguo zimelowa zaidi ya ulivyotoka nazo. Kristian wangu naye ni mzima, nimemwacha Magamba kwenye nyumba yetu ya kupanga, maana shule haijafunga.

Ah, dada, Kristian! Najua umechoka kusikia habari zake, lakini nivumilie, mimi ni mke mpya. Wanawake wengine wanaletewa maua, mimi naletewa maneno. Kila jioni akitoka kufundisha Kiingereza chake ananijia na neno moja, ananieleza lilizaliwa wapi na lilitembea vipi mpaka likafika hapa. Ndivyo alivyonipata. Siku ile ya kwanza kunisindikiza stendi aliniambia kwamba neno husband waliliacha Uingereza watu wa kaskazini waliokuja na mashua zamani sana, na kwamba kwao lilikuwa na maana ya mtu mwenye nyumba, anayekaa ndani ya nyumba yake. Nikamuuliza wewe nyumba unayo? Akasema bado, lakini neno ninalo. Dada, niambie wewe, ningefanyaje? Nilicheka mpaka basi likaniacha.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Siku ya harusi ulikuwapo, lakini wakati ule ulikuwa nyuma ya ukumbi unahangaika na makreti ya soda, kwa hiyo hukuuona uso wa mama mkwe. Mshereheshaji alipopiga kelele kwamba hatimaye Mwalimu Kristian amepata jiko, ukumbi mzima ukainuka na vigelegele. Wanawake wa Mtae wakaja mbele wakiimba, mama mkwe akiwa katikati yao, ameshika mwiko mpya uliofungwa utepe mwekundu. Akataka kuniwekea mikononi. Na mimi nilikuwa nimevaa ule mkanda wa begani uliodariziwa neno Bride kwa uzi wa dhahabu, neno nililolipenda tangu kidato cha kwanza. Nikachukua kipaza sauti nikasema, mama, samahani, mimi ni bride, mimi siyo jiko. Watu wakacheka sana. Matroni wangu alijifunika uso kwa kitambaa. Mama mkwe naye alicheka, lakini aliuviringisha ule mwiko ndani ya khanga yake, akarudi kukaa, na kabla keki haijakatwa akaomba gari la kumrudisha kwake.

Hilo halikuishia ukumbini. Juma lililofuata Kristian alirudi kutoka Mtae na ujumbe. Mama anasema kwa desturi ya huku, mkamwana hupanda kwa mama mkwe kupika kwa juma moja kabla ndoa haijatimiza miezi miwili, na asipopanda, mama mkwe hakanyagi nyumbani kwake. Siyo kwamba atafukuzwa au atalaaniwa, hapana. Hakanyagi tu, maisha yake yote. Nikasema siendi. Nikasema nitakwenda kama mgeni, nile, nilale, nisalimie majirani, nirudi. Kristian akauliza kwa upole kama siwezi kupika ugali wa juma moja tu kwa ajili yake. Nikamwambia ugali naupika hapa kila siku, tatizo siyo ugali.

Unajua kwamba kwa mama yake yeye ni peke yake, na baba yake alifariki yeye akiwa mtoto. Kwa hiyo kila Jumamosi alikuwa anapanda peke yake, Jumapili anarudi na mfuko wa magimbi na mapeasi, anasimulia jinsi mama alivyochinja kuku na kupika vyakula vingi kama anayesubiri wageni. Mimi nikaona ninasutwa. Nikasema moyoni, huyu mama ananiletea salamu, anataka nijue kazi niliyoikimbia. Yale mapeasi yakawa yanaoza kikapuni, siyagusi. Na jirani yetu, Mama Sabra, yule mcheshi niliyekusimulia, alishaijua habari yote kwa sababu ukuta wetu ni mwembamba. Akawa ananiita bride. Sufuria yangu ikitoa moshi utamsikia ng'ambo ya ua anapaza sauti kwamba we bride, Kiingereza chako kinaungua huko! Nilikuwa nacheka, lakini kwa tabu.

Jumapili moja Kristian alirudi kimya. Nilimuuliza mama anasemaje, akajibu hakusema lolote, safari hii hata hakukuulizia. Tulikula kila mtu akiangalia sahani yake. Dada Evelina, hakuna kitu kinachotisha kama nyumba ya mtu anayependa maneno ikiwa haina maneno. Siku kadhaa zikapita hajaniletea neno hata moja. Nikaona wazi kwamba mume wangu anakatika vipande viwili, kimoja Magamba na kimoja Mtae, na kisu nimekishika mimi. Lakini ule mwiko sikuutaka. Sikuweza, na sababu nitakuambia mbele huko.

Ndipo nikapata wazo ambalo niliona ni la akili sana. Nikamwambia Kristian, wewe si mtu wa mizizi ya maneno? Lifuate hilo neno bride mpaka lilikozaliwa. Likiwa limetoka jikoni, nitapanda Mtae nipike juma zima bila kinyongo. Lisipotoka jikoni, wewe mwenyewe utamwambia mama yako kwamba mkeo anakuja kama mgeni, na habari ya mwiko imekwisha. Alinitazama, halafu kwa mara ya kwanza juma lile akatabasamu. Tukapeana mikono kama wachuuzi wa kabichi pale sokoni. Nilikuwa na uhakika, dada. Neno zuri hivyo, lenye sauti kama ya kengele, lingetoka jikoni vipi? Niliwaza labda lilikuwa malkia, au nuru, au ua la aina fulani.

Akaazima kamusi kubwa ya shuleni, akaja nayo ameifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua, na simu yake akaiwekea bando. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana akachora mti wa lile neno, mizizi chini na majani juu, jina la kila lugha kwenye tawi lake. Mimi nilikaa karibu naye nikimenya viazi, kichwa changu begani kwake. Niliona tumepona kabla hata jibu halijapatikana.

Mshtuko wa kwanza ulikuja upesi. Unalikumbuka lile duka la Lushoto tulikokodi gauni, lenye kibao cha Bridal? Kristian akaniambia kwamba bridal zamani yalikuwa maneno mawili yaliyounganishwa, bride na jina la pombe ya nafaka, maana yake karamu ya kunywa pombe ya bibi harusi. Nikasema siyo kweli. Akanisomea. Mimi binti wa kwaya nimekodi gauni langu kwenye duka la pombe! Nikajaribu kutoroka, nikasema basi, mimi nitakuwa lady tu, hilo neno ni la heshima, hata mke wa rais anaitwa hivyo. Kristian akaweka kalamu chini akacheka mpaka machozi. Akasema lady, kwa Kiingereza cha kale, alikuwa mwanamke mkandaji wa mkate. Dada, nilihisi kila mlango ninaoukimbilia unafungukia jikoni! Nikamkumbusha kwamba yeye naye kwa neno lake ni mkaa nyumbani, kwa hiyo aanze kuosha vyombo. Akaosha kweli. Ungemwona na aproni yangu yenye maua.

Lakini siku iliyofuata alirudi na uso mwingine kabisa. Alikaa kwenye kigoda, hakufungua hata kamba za viatu. Nikadhani kuna msiba. Nikamsihi aseme. Akasema amelifikisha neno mahali ambapo hawezi kulifuata zaidi. Akaifungua ile kalenda mezani akanionyesha kwa kidole. Hapa Waingereza wa kale, hapa Waholanzi, hapa Waswidi, hapa Wajerumani, hao hao waliotujengea kanisa la mawe, nao neno lao ni Braut, la ukoo mmoja na hili. Chini ya wote hao kulikuwa na neno limewekewa kinyota. Nikafurahi, nikasema ona, nilijua tu kuna nyota! Akatikisa kichwa. Akasema wataalamu wanaweka kinyota pale ambapo hakuna aliyewahi kuliona neno limeandikwa. Wanalikisia tu kwa kuwatazama watoto wake. Na huko kwenye kukisia, wapo wanaosema mzizi wake ni kuchemsha, mzizi mmoja na neno la mchuzi na la kupika pombe, kwa sababu bibi harusi alipoingia ukoo mpya ndiye aliyepewa chungu. Wapo wengine wanaokataa, wanasema hilo halina ushahidi na mzizi haujulikani. Kristian ni mtu mwaminifu, dada. Angeweza kunificha nusu ya pili akashinda. Akasema hakuna aliyeshinda.

Nikaanza kushangilia, maana kutokushindwa kwangu kulinitosha. Akaniinulia mkono nisubiri. Akasema kuna tawi moja hakunionyesha. Walikuwapo watu wakiitwa Wagothi, lugha yao imekufa siku nyingi, hakuna mtoto duniani anayeimbiwa kwa lugha hiyo leo. Lakini askofu wao aliwatafsiria Maandiko Matakatifu miaka zaidi ya elfu moja na mia sita iliyopita, na kurasa kadhaa zimebaki. Humo ndimo neno langu linaonekana limeandikwa, mojawapo ya mahali pa kale kabisa. Na humo halina maana ya malkia wala ua. Maana yake ni mkamwana, mke wa mwana. Nikauliza liko kwenye mstari gani. Akainuka, akachukua Biblia yetu ya harusi pale juu ya kabati, akafungua, akanipa nisome mwenyewe. Ni pale Yesu anaposema amekuja kumtenga mtu na baba yake, binti na mama yake, na mkamwana na mama mkwe wake.

Dada Evelina, mstari ule niliusoma mara mbili. Viazi vilikuwa vinaungua na Mama Sabra alikuwa ameshaanza kuita ng'ambo ya ua, nami sikuweza kuinuka. Nilivaa neno lile begani mbele ya watu mia tatu, nikamkatalia mama wa watu kwa neno hilo, na kumbe tangu zamani hizo limeandikwa mahali pale pale, mkamwana upande mmoja na mama mkwe upande wa pili. Kristian hakunicheka, wala hakusema unaona. Aliniambia taratibu kwamba asili ya neno siyo hukumu, maneno yanahama, na mtu hafungwi na mahali neno lake lilipozaliwa. Nilimpenda sana wakati ule. Lakini nilikuwa nimeshajiona nilivyo, na sikupapenda nilipokuwa nimesimama.

Asubuhi alipoondoka kwenda shule nikafunga begi, nikamwandikia kwenye kalenda, chini ya mti wake, kwamba nimekwenda kupika. Ndipo nikakupigia simu.

Nilifika Mtae saa za mchana, ukungu umetanda mpaka huoni bonde upande huu wala ule, ni kama nyumba zimeota juu ya pamba. Mama mkwe alikuwa nje anapepeta maharage. Nikapiga magoti, shikamoo mama. Marahaba, akanijibu, akaendelea kupepeta. Halafu akauliza kuna nani amekufa. Nikasema hakuna. Akauliza tena, kwa sauti ile ile, kama bride haoni baridi na viatu vile. Majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye mgomba wakisikiliza bila hata kujificha. Nikasema, mama, nimekuja kupika. Wale majirani wakatazamana. Mama mkwe akaweka ungo chini, akaniambia nimfuate.

Jikoni kwake, dada, kuni zilikuwa zimepangwa mpaka darini, kavu zote, za kutosha msimu mzima. Kuku alikuwa amefungwa mguu pembeni. Kulikuwa na mkeka mpya na blanketi jipya halijatolewa kwenye nailoni. Nikasema moyoni, hapa leo nitapika mpaka nife. Nikavua koti, nikafunga khanga kiunoni, nikaomba mwiko. Akauchukua juu ya ukuta, utepe mwekundu bado uko vile vile, akanipa. Safari hii niliupokea kwa mikono miwili. Nikasogea kwenye chungu. Akanishika mkono ghafla, akanivuta nyuma, akafunga mlango na kuweka gogo. Dada, nilijua leo napigwa.

Akaniambia, sasa unirudishie huo mwiko, useme mama nina njaa.

Sikuelewa. Nikamtazama. Akasema sema. Nikasema mama nina njaa. Akaupokea mwiko, akanikalisha kwenye mkeka, akanifunika blanketi magotini, akaanza kupika yeye. Mimi nataka kuinuka, yeye ananikalisha. Akacheka hadi akashika mbavu, akasema mwanangu umechelewa, kuku wako wote amewala mumeo.

Wale kuku wa kila Jumamosi, dada, walikuwa wangu! Hakuwa ananisuta. Alikuwa ananisubiri.

Huku kuku akiungwa ndipo aliponieleza, na hapa ndipo ninapokuomba barua hii uichome ukimaliza kusoma. Alipoolewa yeye, desturi ilikuwa ya kweli. Mkamwana alipanda kupika, na juma moja likawa mwaka. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anachota maji bondeni anapanda nayo mlima, na chakula chake ni ukoko. Mimba yake ya kwanza ilitoka njiani, ndoo ikiwa kichwani, na alipofika nyumbani aliulizwa kwa nini maji yamepungua. Baada ya hapo Mungu alimpa Kristian, hakumpa mwingine. Alinisimulia haya bila kulia, anageuza ugali. Mimi ndiye niliyelia. Akasema yeye na wenzake wawili wa kwaya, walioolewa karibu karibu na kuteswa namna ile ile, walikaa wakaapa kwamba wana wao wakioa, mkamwana ataitwa kupika kama zamani, mlango utafungwa, na ndani mama mkwe ndiye atakayepika. Mkamwana atakula, atalala, ataogeshwa maji ya moto, juma zima. Huko nje wazee watasema vizuri, desturi inaendelea. Wanaume hawaambiwi, kwa maana wakijua watasema wanawake wameharibu mila. Na mkamwana haambiwi kabla, anaambiwa akishafika. Siku hizi karibu nyumba zote za mtaa wao zinafanya hivyo, na watu wa nje wanaiita desturi ya mababu!

Nikamuuliza, mama, kwa nini hamkuifuta tu ikajulikana moja? Akasema jina waliliacha kwa sababu watu wamelizoea na halimdhuru mtu, wao walibadilisha kilichomo. Nikamfikiria Kristian na kalenda yake. Amefuata neno mpaka kwa Wagothi, dada, na hajui kilichomo jikoni kwa mama yake mzazi.

Halafu akaniuliza lile nililokuwa naliogopa. Kwa nini niliukataa mwiko mbele za watu? Hapa ninakiri kwako, Evelina, na sikuwahi kukuambia hata wewe. Siyo kwa sababu ya mkanda wala Kiingereza. Nilipokuwa kidato cha pili nilikuja kwako likizo, ulikuwa umeolewa hata mwaka haujaisha. Nilikukuta nyuma ya nyumba ya mama mkwe wako, marehemu Mungu amrehemu, unasugua masufuria makubwa ya msiba kwa majivu, peke yako, mikono imepasuka na inatoa damu. Uliponiona ukaificha mikono chini ya khanga, ukaniambia hapa ninapendwa sana. Nilijifanya nimeamini. Tangu siku ile, nikiona bibi harusi anapewa mwiko, naiona mikono yako. Pale ukumbini sikumkatalia mama wa Kristian. Nilimkatalia mama mkwe wako, miaka imepita, mbele ya mtu asiyehusika.

Nilimweleza yote. Aliusahau mwiko mkononi, hata ugali ukaanza kushika chini, kitu ambacho nadhani hakijawahi kumtokea. Mwishowe akauliza, na huyo dada yako, alipikiwa na nani? Nikasema hakuna. Akauliza ana mtoto wa kiume? Nikasema anaye, anaitwa Edgar. Akasema basi aambiwe, ajue la kufanya siku zikifika. Kwa hiyo nimekuandikia kwa ruhusa yake, sijavunja siri.

Mimi hapa ninapoandika nimekula uji wa maziwa, supu na mapeasi, na bado naambiwa nina njaa. Jumapili Kristian anakuja kunichukua. Nimefundishwa kutembea nimeinamisha mabega na kusema mama yako ana kazi nyingi jamani. Ndilo jambo la kwanza ninalomficha mume wangu, na linaniuma kidogo, kwa sababu yeye hajanificha hata neno lenye kinyota. Lakini nimemwangalia mama yake nikaona siri hii siyo yangu kuitoa. Mama mkwe naye ameahidi kukanyaga Magamba mwezi ujao, na Mama Sabra atakosa la kunitania.

Msalimie shemeji, mbusu Edgar hata akikataa, mwambie mama nampenda. Majirani wote wanaoniulizia wape salamu zangu, uwaambie ndoa ni tamu.

La mwisho, na usimwambie mtu. Jana jioni mama mkwe alichagua kuku, siyo wa kwangu, wa kwako. Amesema haiwezekani ukae hivyo bila kupikiwa na mtu. Kabla mwezi huu haujaisha tunashuka huko kwako Kwamkoro, mimi na yeye. Shemeji mwambie tunakuja kumwona mama na mgongo wake. Tukifika tutaingia jikoni kwako na kufunga mlango. Usituzuie, dada yangu, na mikono yako usiifiche. Wewe kaa mkekani, useme una njaa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Loveness